Sufuria Niliyoiteremsha Mimi

Heru Juu, Kasulu
Jumamosi mchana, Desemba 2015

Mwanangu Joeli,

Bibi amekaa mlangoni anakunja nguo zako, na kila anayoikunja anaitaja kwa sauti kama mwalimu anayeita majina: shati la bluu, kaptula ya Jumapili, sweta. Mambo ya kuoga, ya kuamkia wakubwa na ya kutokula ovyo kwa watu atakueleza yeye, na najua atakueleza mpaka pikipiki iwashwe. Mimi nimejificha huku nyuma ya nyumba, nimekalia kile kinu kilichopasuka, daftari la historia liko magotini. Naandika kwenye kurasa za mwisho zilizobaki wazi. Baba yako anafika kesho asubuhi. Mtapitia Kibondo mjini, na jioni mkiwa Mabamba utakuwa mtoto wa nyumba nyingine.

Nakuita mwanangu, na mpaka leo nikiliandika neno hilo naona haya. Nina miaka kumi na sita. Aliyekuzaa ni dada yangu Tabitha, nawe ulikuwa na miezi mitano alipofariki. Nilikuwa darasa la nne. Nilikubeba mgongoni kutoka msibani na sikukushusha tena, na ulipoanza kusema uliniita Mama. Wasichana wa kisimani walicheka sana. "Debora, na baba yake umemficha wapi?" Nikakimbia na ndoo tupu. Bibi akanirudisha palepale, akawaambia, "Mdogo wa mama yake ni mama yake. Chekeni mpaka kisima kikauke."

Unanijua, mimi si mtu wa kusema. Darasani mwalimu anauliza kwa Kiingereza, jibu ninalo, naliandika pembeni mwa daftari, jirani yangu analisoma na kunyoosha mkono, anapigiwa makofi yeye. Nyumbani Kiha, kanisani Kiswahili, na kote huko nimejifunza kunyamaza. Watu wanasema, Debora mpole huyo, hana neno na mtu. Leo nataka nikueleze upole huo ulichokufanyia.

Ni habari ya mkono wako wa kushoto.

Najua unavyoujibia. Mtoto mgeni akikuuliza kuhusu lile kovu kutoka begani hadi kwenye kiwiko, unakunja mkono wa shati ulionyeshe vizuri, halafu unasema, "Nilichomwa na Mrundi." Unasema kwa kujivuna, kama mtu aliyetoka vitani. Wiki iliyopita hukujivuna. Bibi alikuwa anakusifia mke wa baba yako, kwamba anajua kupika, kwamba ni mtu wa maombi, kwamba wazazi wake walitoka Burundi miaka mingi iliyopita na sasa ni Watanzania kama sisi. Ukaacha kutafuna. Ukauliza, "Kwa hiyo ni Mrundi?" Bibi akasema ndiyo, na nini basi. Ukaweka mhogo chini. Usiku ule ulilala umeufunika mkono wako kwa mkono mwingine, na asubuhi mkeka ulikuwa umelowa, wewe ambaye umeacha mambo hayo siku nyingi.

Bibi akanitazama. Nikaenda kuanika mkeka.

Sasa nikueleze ilivyokuwa.

Ulikuwa na miaka mitatu. Kilikuwa kiangazi, mwaka ule kambi ya Warundi ilipokuwa inafungwa na watu wakaambiwa warudi kwao. Kulikuwa na mwanamke mmoja aliyekuwa akija kutoka kambini kutulimia, tukimwita Mama Fideli kwa jina la mwanawe mkubwa. Mrefu, mwenye kicheko cha ghafla. Kirundi chake na Kiha chetu vilielewana bila shida, ila alikuwa akimchokoza Bibi kwamba Waha tunasema kama watu wenye kiazi cha moto mdomoni, na Bibi anamjibu kwamba Warundi wanasema kama watu wanaodai kiazi chao. Siku nyingine akimaliza kazi alikuwa akikuweka mabegani anazunguka nawe uwanja mzima. Hulikumbuki hilo. Mimi ndiye niliyehakikisha hulikumbuki, maana hakuna aliyewahi kukusimulia.

Siku hiyo Bibi alikwenda kuangalia mgonjwa. Mama Fideli alikuwa kwenye mihogo, kule chini kwenye mteremko. Mimi niliachiwa wewe na maharage yaliyokuwa jikoni. Jumapili iliyofuata ilikuwa siku ya watoto kanisani, na nilikuwa nimepewa mstari wa Biblia wa kusema mbele ya watu wote. Maneno machache, siyo mengi. Lakini nilikuwa nikiota nasimama pale mbele, kinywa kimefunguka na hakitoki kitu. Nikataka kuukariri kwa sauti mahali ambapo hakuna atakayenisikia. Maharage yalikuwa yanachemka yanamwagikia moto, nikaona yatauzima. Nikashika sufuria kwa majani ya mgomba, nikaiteremsha kutoka kwenye mafiga, nikaiweka chini kwenye udongo, katikati ya jiko. Nikakwambia, "Joeli, usiguse." Nikaja huku nyuma, hapahapa nilipokaa sasa, kwenye kinu hiki.

Nilisema mstari wangu mara nne. Mara ya nne ulitoka vizuri. Nikafurahi, Joeli, nikaruka. Ndipo nikakusikia.

Miguu yangu iligoma. Aliyefika kwanza ni Mama Fideli, alitoka kule mteremkoni, sijui alipita wapi, jembe alilitupa njiani. Alikunyanyua, akakuvua shati kabla halijakushika, akakumwagia mtungi mzima wa maji ya kunywa, huku anasema kwa Kirundi, mwana wanje, mwana wanje, yaani mwanangu. Mimi nilifika mlangoni nikasimama. Na Bibi akaingia kutoka upande wa njia.

Angalia alichokiona Bibi. Sufuria imelala ubavu, maharage yametapakaa, wewe uko mikononi mwa Mama Fideli unalia. Akauliza swali moja, "Nani aliyeiteremsha hii sufuria?"

Nami nilinyanyua kidevu. Hivi, kidogo tu, kuelekea kwa Mama Fideli, kama mtu anavyomwonyesha mpita njia nyumba ya fulani. Sikusema neno.

Kwa sababu sikusema neno, kwa muda mrefu nilijiambia kwamba sikusema uongo.

Mama Fideli aliniangalia. Halafu akaanza kusema, maneno mengi, ya haraka, na Bibi akamkatiza kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia tena kutoka kwake. "Nyamaza! Mtoto wa marehemu huyu! Mtoto wa marehemu!" Majirani wakajaa. Hawakuuliza mengi. Mrundi, mgeni, wa kambini. Kila mmoja alikuwa amekwisha kuwa na hadithi yake mfukoni, nami nikawapa mahali pa kuiweka. Mtu akasema wanafukuzwa wanalipiza. Mwingine akasema alijua tangu zamani macho yake si mazuri. Kicheko chake ambacho walikuwa wakikipenda kikawa kicheko kibaya.

Ulilazwa hospitali ya Kabanga wiki nyingi. Bibi alilala chini ya kitanda chako, mimi nikawa napeleka chakula nikitoka shule. Siku moja nilimkuta Mama Fideli nje ya geti na chupa ya uji ameifunga kwenye kanga. Alikuwa ametembea kutoka kambini, miguu myekundu kwa vumbi. Bibi alitoka, akasimama mbele yake, akasema, "Rudi na uji wako." Mama Fideli akaiweka ile chupa chini, akaondoka. Bibi aliumwaga. Nilikuwa nimesimama pale na sahani kichwani. Ningeweza kusema. Hatua sita, Joeli, sikuhitaji hata kupaza sauti.

Nilimwona mara moja tena. Alipita kisimani siku moja kabla ya malori kuwachukua, nilikuwa peke yangu. Sikuwa na pa kukimbilia. Hakunitukana. Alisema, "Mimi ninapanda lori, naondoka. Wewe unabaki na ile sufuria." Kisha akauliza kama kidonda chako kimefunga. Nikaitikia kwa kichwa. Ndivyo tulivyoagana, hata hapo sikutoa sauti.

Na ile Jumapili ya watoto? Nilisimama, nikasema mstari wangu wote bila kukosea. Watu wakapiga makofi. Mchungaji akasema Mungu amemfungua kinywa.

Baadaye ukaanza kuuliza mwenyewe juu ya mkono wako. Bibi alikujibu alivyojua. Ukanigeukia uhakikishe, "Eti Mama?" Nikasema, "Ndiyo." Hapo, mwanangu, sikuweza tena kujificha nyuma ya kidevu. Hapo nilisema.

Katika mafundisho ya kipaimara tulifika pale bustanini, Mungu anapomuuliza Adamu amefanya nini, naye anamtaja mke, na mke anamtaja nyoka. Wenzangu walicheka, mwalimu aliigiza vizuri. Mimi jasho lilinitoka. Nililoliona ni kwamba mwanamume aliulizwa na mwanamke aliulizwa, lakini nyoka hakuulizwa kitu, alipewa adhabu tu. Nyoka alistahili, sibishani na mafundisho. Ila Mama Fideli tulimweka mahali pa nyoka, mwishoni mwa mstari, mahali ambapo hakuna anayeuliza.

Mwaka huu, mwezi wa nne hivi, nilianza kwenda na Bibi kwenye ushirika wa Alhamisi, wale walokole wake wanaokutana kwa kukiri na kuimba. Unakumbuka, ulikuwa ukilala mapajani mwangu. Alhamisi moja nilisimama. Nikasema, "Nikiwa mdogo nilidanganya, na mtu akaumia. Namshukuru Yesu amenisamehe." Hayo tu. Walilipuka kwa wimbo, wakanikumbatia mmoja mmoja, akina mama wakalia. Bibi alilia kuliko wote na hakujua analilia nini. Nilirudi nyumbani mwepesi. Wiki mbili nzima nililala bila kuota.

Kisha Mama Yeremia, yule mzee mwenye fimbo anayekupa karanga, alinikuta njiani akaniambia nimshike mkono tupande kilima.

"Ule uongo wako," akasema, "ulimuumiza nani?"

"Mtu mmoja. Ameshaondoka."

"Na huyo mtu anajua kwamba umesamehewa?"

Akacheka, akanipiga kidogo kwa fimbo kwenye kifundo cha mguu. "Nyie watoto wa siku hizi! Sisi ulokole wetu ulikuwa na miguu. Baba yake Yeremia alipookoka alitembea siku mbili kurudisha jembe la mtu. Siku mbili, na mvua inanyesha. Wewe umeokoka umekaa."

"Lakini Mungu si ameshanisamehe?"

"Amekusamehe. Ndiyo maana una nguvu za kutembea. Ulidhani amekupa za nini?"

Neno hilo sijalimaliza kulitafuna. Mimi nilifikiri msamaha ni kama kufuta ubao, somo limekwisha, tuende nyumbani. Nilikuwa nimemwambia Mungu, ambaye alikuwa anajua. Nimewaambia washirika, ambao haikuwahusu. Watu wote isipokuwa wale wenye jambo lao. Nikaimbiwa.

Na kuna lingine nililolifanya, nalo naliona baya zaidi kwa sababu lilivaa nguo za kanisani. Nilianza kufikiri kwamba Mama Fideli alinyamaza kwa upendo, akanibebea kosa langu kama Yesu alivyobeba yetu. Nilikuwa nalia nikifikiri hivyo, na kilio chenyewe kilikuwa kitamu. Lakini Yesu alijitoa. Mama Fideli hakujitoa, nilimsukuma. Na hakunyamaza, alinyamazishwa. Nikimfanya mtakatifu wangu wa kunibebea, nitakuwa nimemtwika mara ya pili.

Nilimwambia Bibi mwezi wa nane. Tulikuwa tunachambua maharage, wewe umelala. Nilisema nikiangalia ungo. Nilimweleza yote, kinu, mstari, kidevu. Mikono yake haikusimama. Anatoa jiwe, anatupa, anatoa jiwe, anatupa. Nikadhani hajasikia.

Mwishowe akasema, "Nilijua kuna kitu. Yule mama asingeteremsha sufuria akarudi kwenye mihogo. Nilijua, nikaona heri nisijue."

Nikaanza kulia, nikasema ni kosa langu, yote ni kosa langu, mpaka kufukuzwa kwake shambani kwetu, mpaka ule uji.

Akaniangalia kwa ukali kweli. "Uji niliumwaga mimi. Wewe ulikuwa mtoto, mimi nilikuwa mtu mzima mwenye macho mawili. Beba yako, Debora. Yangu niachie mwenyewe, nitaisema kwa mdomo wangu." Na Alhamisi iliyofuata aliisema, kwa jina la Mama Fideli, mbele ya majirani walewale waliokuwa wamejaa siku ile. Hawakuimba haraka. Mmoja akatoka nje.

Nakusimulia hili kwa sababu hata wewe utakosa, kama watu wote, na utakutana na majaribu mawili. Moja ni kumpa mwenzio kosa lako. Hilo unalijua sasa lilivyo. La pili linafanana na wema: kuyakumbatia makosa yote, ya kwako na ya wengine, ulie mpaka watu wakubembeleze. Nimeyafanya yote mawili. La pili nalo ni kujificha.

Mwaka huu Warundi wameanza kuvuka tena, umewaona mwenyewe barabarani na magodoro. Nikawaza, labda naye yumo. Jumamosi moja nilikwenda kwenye soko wanalokuja kuuza sabuni na unga wa msaada, nikamfuata mwanamke mmoja aliyekaa pembeni. Fikiria mimi huyu, naongea na mtu nisiyemjua! Nikamwambia namtafuta Mama Fideli, mrefu, anacheka ghafla, aliwahi kulima Heru Juu.

"Ni ndugu yako?"

"Hapana. Ukimwona mwambie, msichana wa Heru Juu anasema ni yeye aliyeteremsha sufuria."

Akanitazama juu mpaka chini, akamgeukia mwenzake. "Sikia haya! Watu wanatafuta waume zao, wanatafuta watoto, huyu anatafuta sufuria!" Wakacheka sana, nami nikaona aibu ikinipanda mpaka masikioni. Lakini nilipokuwa naondoka aliniita. "We dada. Mama Fideli wako wengi. Nitauliza wote." Mpaka leo sijapata jibu. Baba yako ameahidi kuulizia huko mpakani. Huenda nisimpate kabisa. Kila Jumamosi ninayoweza nakwenda.

Nilipofika hapa, Joeli, ulikuja. Naandika tena baada ya kusimama kwa muda, na mwandiko wangu utauona umebadilika.

Ulikuja na mguu mmoja una kiatu na mwingine hauna, ukasimama nyuma ya bega langu.

"Unaandika nini, Mama?"

"Barua."

"Ya nani?"

"Yako."

Ukatafuta kwenye ukurasa kwa kidole. Ukalipata jina lako, ukalisoma kwa silabi jinsi nilivyokufundisha, Jo-e-li. Mengine ukayaangalia tu, kama mtu anayeangalia siafu. "Nisomee."

"Utaisoma mwenyewe ukiwa mkubwa."

"Nikiwa mkubwa lini?"

Ukasogea karibu, ukaniuliza kwa sauti ndogo Bibi asisikie, "Mama, yule Mrundi wa baba akipika, mimi nikae nje?"

Nikaiangalia hii barua. Kurasa sita mbele na nyuma, mwandiko mzuri, kwa Kiswahili cha shuleni, kwa mtoto anayejua kusoma jina lake tu. Ungekua. Ungefika darasa la nne, la tano, huku unamwogopa mwanamke aliyekupikia miaka yote, mpaka siku moja ungeisoma, nami ningekuwa mbali, nisingeuona uso wako. Nilikuwa nimefanya tena jambo lilelile. Nimeshakiri kwa Mungu, nimekiri kwa washirika, nimekiri kwa Bibi, na sasa nakiri kwa daftari. Wewe ndiye ulikuwa umesimama hapo na kiatu kimoja.

Nikafunika kalamu. Nikakushika mkono tukaingia jikoni, nikakuonyesha mahali penyewe, kando ya mafiga, nikakueleza kwa Kiha. Kwa Kiha haikuchukua muda. Kilichonichukua kurasa sita kilikuwa maneno machache tu.

Uliuliza, "Na wewe ulikuwa wapi?"

"Nyuma ya nyumba. Nakariri."

"Nililia?"

"Ulilia sana."

"Nani alinitoa?"

"Mama Fideli. Alikuja anakimbia kutoka kule chini. Alikumwagia maji."

Ukauangalia mkono wako, ukaupindua, kama vile kuna upande hujawahi kuuona. "Kwa hiyo Mrundi ndiye aliyenitoa."

"Ndiye."

"Na wewe ukasema ni yeye."

"Nikasema ni yeye. Mbabarira, Joeli. Nisamehe."

Hukusema umenisamehe. Sitaandika hapa kwamba ulisema. Uliutoa mkono wako kwenye mkono wangu, polepole, ukaenda kukaa na Bibi mlangoni, ukamwegemea. Nilikuja kukaa kwenye kinu. Nilifikiri nitachana kurasa hizi, halafu nikaona hapana, zikae. Utakuja kuzihitaji siku utakayosahau nilivyosema, au siku mtu atakapokusimulia vinginevyo. Safari hii zinafuata neno la mdomo, hazilitangulii.

Sasa hivi, nikiwa naandika haya, uko uwanjani. Zawadi wa jirani amekuja kukuaga na mdogo wake mgongoni, nawasikia kutoka huku nyuma. Ameuona mkono wako, kwa sababu Bibi amekuvalisha shati la mikono mifupi kulijaribu.

"Unakwenda kukaa na Mrundi! Atakumalizia na ule mwingine!"

Nimeacha kuandika nisikilize. Halafu umesema, "Siyo Mrundi. Mrundi ndiye aliyenitoa."

"Muongo wewe! Sasa nani alikuchoma?"

"Sufuria."

"Sufuria ina miguu? Nani aliiweka chini?"

Na wewe umenyamaza, mwanangu. Unamjua. Nimekwambia muda si mrefu, umeutoa mkono wako kwangu, una haki yote ya kunitaja. Nimengoja. Zawadi amekuuliza tena, na mara ya tatu, na umesema tu, "Sitaki kusema."

Sijui umejifunza wapi kufanya hivyo. Hukujifunza kwangu, kunyamaza kwangu kulikuwa kwa kujificha, kwako ni kwa kunificha mimi. Ningeweza kuendelea kukaa hapa, nikalia, nikashukuru. Lakini Zawadi bado anasubiri jibu, na jibu hilo si la kulibeba wewe mpaka Mabamba.

Naiacha kalamu hapa. Natoka kwenda uwanjani kumwambia Zawadi aliyeiweka.

Mimi, niliyekulea na kukukosea,
Mama yako mdogo Debora